Piga Hodi Kabla ya Kupiga Picha



Jumanne iliyopita nilimaliza kozi ya kupiga picha kwa wanaoanza. Ilikuwa ya wiki 10, kila Jumanne jioni, katika kituo cha elimu ya watu wazima hapa Leicester. Tulikuwa watu 11 darasani, na mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kuelewa kwa nini namba ndogo kwenye lenzi ina maana ya tundu kubwa. Nimepewa cheti. Watoto wangu wamekibandika kwenye friji, palepale ninapobandika vyeti vyao.

Nimeombwa niwaeleze nilichojifunza, nami nimekubali kwa sababu mbili. Kwanza, karibu kila nyumba yetu ina kamera, hata kama ni ile ya simu ya mama au baba. Pili, kwetu sisi tunaoishi mbali na nyumbani, picha si mchezo tu. Kuna babu aliye Mombasa anayemjua mjukuu wake kwa picha peke yake, na kuna mjukuu hapa Leicester anayemjua babu kwa njia hiyohiyo. Kwa hiyo ni vizuri tujifunze kuipiga sawasawa.

Picha 600 bila uso

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka miwili iliyopita mama yangu alikuja kutoka Tanga akakaa nasi miezi mitatu. Nilimpiga picha kila siku: akisonga ugali, akimsuka binti yangu, akiwa dirishani anaitazama mvua isiyokwisha. Alipoondoka, simu yangu ilikuwa na picha zaidi ya 600.

Nikataka kuchapisha moja tu, kubwa, niitundike sebuleni. Nilikaa hadi usiku wa manane nikizipitia. Katika picha nyingi uso wake ulikuwa mweusi kama kivuli, kwa sababu alikaa mbele ya dirisha. Katika nyingine alisogea kidogo, na mkono wake ukatoka kama moshi. Nyingine zilikuwa safi, lakini amefumba macho, au watoto wamemziba. Sikupata hata moja ambayo mgeni angeitazama akasema, "Kumbe huyu ndiye mama yako!"

Mama sasa ana miaka 81. Amesema safari ya ndege haiwezi tena. Ndiyo maana nilijiandikisha kwenye kozi.

Chumba chenye giza

Siku ya kwanza mwalimu hakutuonyesha kamera. Alifunika madirisha ya darasa kwa karatasi nyeusi, akaacha tundu dogo kama sarafu. Macho yetu yalipozoea giza, tukaona kitu cha ajabu ukutani: barabara ya nje, na mti, na basi, na watu wanaopita, vyote kichwa chini miguu juu. Hapakuwa na lenzi, wala betri, wala programu yoyote.

Kwa nini vilipinduka? Mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka. Mwanga unaotoka kwenye kilele cha mti hushuka kuelekea kwenye tundu, hupita, kisha huendelea kushuka hadi sehemu ya chini ya ukuta. Mwanga unaotoka kwenye shina hupanda, hupita palepale, ukafika juu. Kwa hiyo juu inakuwa chini, na chini inakuwa juu.

Mmoja wa waliolichunguza jambo hili kwa makini ni mwanachuoni Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965 na kufariki Cairo karibu na mwaka 1040. Katika kitabu chake kikubwa kuhusu kuona, Kitab al-Manazir, alieleza kwamba tunaona kwa sababu mwanga unatoka kwenye vitu na kuingia machoni. Kabla yake wataalamu wengi waliamini kwamba macho ndiyo yanayotoa miale.

Neno "kamera" lenyewe limetokana na Kilatini, na maana yake ni chumba. Kwa hiyo hata simu iliyo mfukoni mwa baba ina chumba kidogo chenye giza. Na jina ambalo Wazungu waliipa kazi hii limeundwa kwa maneno mawili ya Kigiriki, "mwanga" na "kuandika". Sisi tunasema kupiga picha. Nitalirudia neno hilo "kupiga" baadaye, maana ndilo lililonifundisha zaidi.

Dirisha, pazia na macho

Kwa kuwa kamera ni chumba, hebu tukifikirie kama chumba. Mambo matatu yanaamua ni mwanga kiasi gani utakaotumika.

La kwanza ni ukubwa wa dirisha, yaani tundu la lenzi. Ukubwa wake huandikwa kwa namba kama 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11 na 16. Hapa ndipo nilipokwama. Nilidhani 16 ni tundu kubwa kuliko 2. Mwenzangu wa darasani akanisaidia kwa kuchora duara, nami nikaona chapati. Ukiikata chapati vipande 2, kila kipande ni kikubwa. Ukiikata vipande 16, kila mtoto analalamika. Namba ya tundu ni kama idadi ya vipande: ikikua, tundu linapungua. Tundu kubwa huingiza mwanga mwingi, na pia hufanya vitu vilivyo nyuma ya mtu vififie, ili jicho libaki usoni.

La pili ni pazia. Ndani ya kamera kuna pazia linalofunguka na kufungwa upesi sana. Likifunguka kwa sehemu moja ya 1,000 ya sekunde, hata mtoto anayeruka kutoka kwenye bembea ataonekana ametulia hewani. Likifunguka kwa sehemu moja ya 15 ya sekunde, mtoto huyohuyo atakuwa mfuto wa rangi. Tulishauriwa kwamba ukiishika kamera kwa mkono, usishuke chini ya sehemu moja ya 60, maana hata kupumua kwako kunaitikisa.

La tatu ni wepesi wa macho ya aliye chumbani, yaani ISO. Kwenye jua kali 100 inatosha. Ndani ya nyumba jioni unaweza kuhitaji 1,600 au zaidi. Lakini ukiipandisha sana picha inaingia chenga, kama zile za televisheni ya zamani isiyoshika mawimbi.

Mambo haya matatu yanategemeana. Ukilipunguza dirisha, lazima pazia likae wazi muda mrefu zaidi, au macho yawe mepesi zaidi. Huwezi kupata yote kwa wakati mmoja, na kazi ya mpiga picha ni kuamua leo anataka nini zaidi.

Hapo nikauelewa ule mkono wa mama uliotoka kama moshi. Jikoni kwetu jioni mna taa moja hafifu. Simu ilikosa mwanga, ikaacha pazia wazi kwa muda mrefu, na mama alikuwa anasonga ugali. Simu haikuwa mbovu, na mama hakukosea. Ningewasha taa ya pili tu, au ningesubiri apumzishe mwiko, ningempata.

Nyuso zetu na kamera

Sasa tuje kwenye ule uso mweusi dirishani. Naomba wazazi nao wasome hapa kwa makini, kwa sababu jambo hili linatuhusu.

Kamera ya kawaida haijui kama inatazama uso, ukuta au mbuzi. Inapima mwanga wote ulio mbele yake, kisha inajaribu kuufanya uwe wa wastani, kama rangi ya kijivu ya katikati. Ukipiga picha ya theluji, inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na theluji inatoka ya kijivu. Ukimweka mtu mbele ya dirisha lenye mwanga mkali, inafanya vilevile: inaupunguza mwanga, na uso wa mtu unazama gizani. Simu za siku hizi hujaribu kuutafuta uso, lakini dirisha likiwa kali nazo hushindwa. Na ngozi ikiwa nyeusi, hasara inakuwa kubwa zaidi.

Tena kuna historia. Wakati wa filamu, maabara za kusafisha picha zilitumia kadi za kupimia rangi kutoka kampuni ya Kodak. Kwenye kadi hizo palikuwa na picha ya mwanamke mweupe, na kadi zikaitwa "Shirley", kwa jina la mfanyakazi wa Kodak aliyekuwa wa kwanza kupigwa picha hiyo. Ngozi yake ikitoka vizuri, mashine ilihesabiwa kuwa imerekebishwa. Watu weusi walipopigwa picha pamoja na weupe, mara nyingi walibaki macho na meno tu. Mtafiti Lorna Roth wa Kanada ameandika kwamba kati ya waliolalamika mpaka filamu ikaboreshwa walikuwamo watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, kwa sababu rangi za kahawia za bidhaa zao hazikutofautiana kwenye picha. Baadaye zilikuja kadi zenye watu wa rangi mbalimbali.

Nawaeleza haya si kwa ajili ya kununa. Nawaeleza ili mtoto akiona sura yake imetoka vibaya asidhani tatizo ni sura yake. Tatizo ni mwanga, na mwanga unarekebishika. Fanya hivi:

Mgeuze mtu alitazame dirisha, au alikae ubavuni. Asilipe mgongo.

Gusa uso wake kwenye kioo cha simu kabla ya kupiga. Kwenye simu nyingi itatokea alama ya jua. Ivute juu taratibu mpaka uone rangi ya ngozi yake kama unavyoiona kwa macho.

Tafuta mwanga laini. Ngozi yetu hupendeza ikipata mwanga wa upande mmoja, unaoacha mng'ao mdogo kwenye shavu na paji la uso. Taa ya simu inayomulika usoni moja kwa moja huua mng'ao huo.

Saa za Kiswahili ni saa za mwanga

Wanafunzi wengi hulalamika kwamba kusoma saa kwa Kiswahili ni kazi ngumu. Mpiga picha hawezi kulalamika. Saa zetu zinahesabiwa kuanzia jua linapochomoza, na hilo ndilo analotaka kujua mpiga picha: jua limekwenda kiasi gani?

Tanga au Mombasa, jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili asubuhi na kuzama karibu na saa kumi na mbili jioni, mwaka mzima. Saa sita mchana linakuwa juu sana, wakati mwingine karibu na utosi kabisa. Mwanga wa wakati huo huangusha vivuli vizito chini ya nyusi na pua. Ndiyo maana picha nyingi za harusi za nyumbani zilizopigwa mchana zinaonyesha watu wenye mashimo machoni. Mwanga mzuri uko asubuhi na jioni, nao haukai sana, kwa sababu karibu na ikweta jua huzama moja kwa moja kama jiwe kisimani.

Hapa Leicester mambo ni mengine. Mwezi wa Desemba jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni. Hata saa sita mchana liko chini, limeinama. Siku hizo watu hunung'unika, lakini mpiga picha ana mwanga wa pembeni kutwa nzima, mradi mawingu yakubali. Na mwezi wa Juni jua huzama baada ya saa tatu usiku, polepole, kwa hiyo ule mwanga wa dhahabu unakaa muda mrefu. Nimeishi mji huu miaka 14 nikiulaumu kwa kukosa jua. Katika kozi ndipo nilipogundua kwamba sikuwahi kulitazama.

Kosa la sokoni

Wiki ya tano tulitumwa kupiga picha za watu. Nilikwenda sokoni, nikamwona mzee mmoja amekaa kwenye benchi na mfuko wa viazi, mwanga umemwangukia usoni vizuri sana. Nikasimama mbali, nikampiga, nikaondoka. Nilijiona nimekuwa fundi.

Darasani mwalimu aliiweka ile picha ukutani. Wenzangu walisifu mwanga. Kisha mama mmoja akauliza, "Anaitwa nani?" Sikujua. "Alikuwa anamsubiri mtu?" Sikujua. Ndipo tukaitazama picha vizuri zaidi, na sote tukaona: yule mzee alikuwa ameniona. Macho yake yalikuwa yananiuliza, wewe ni nani na unafanya nini?

Nilirudi nyumbani na fadhaa. Njiani nikawa nalifikiria neno letu. Kwa Kiswahili tunapiga vitu vingi: tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga picha. Na tunapiga hodi. Hakuna kati yetu aliyelelewa kuingia nyumba ya mtu bila hodi. Unasimama nje, unaita, unangoja usikie "karibu". Usipojibiwa baada ya hodi ya tatu, unaondoka. Sasa uso wa mtu una tofauti gani na nyumba yake? Mimi niliingia bila hodi, nikachukua, nikatoka.

Tangu siku hiyo napiga hodi kwanza.

Bibi wa jikoni

Kazi ya mwisho ya kozi ilikuwa picha sita juu ya jambo moja. Nilimchagua bibi anayetuchemshia chai hapa shuleni kila Jumamosi. Nyote mnamjua: ndiye anayejua nani hali mandazi ya iliki na nani amekwishachukua mawili.

"Shikamoo, bibi," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba nikupige picha ukiwa kazini. Ni kazi yangu ya shule."

Alijitazama. "Na kanga hii ya moshi? La. Wiki ijayo."

Zamani ningempiga kwa kificho huku akicheka, nikasema ndiyo uhalisia. Safari hii niliahirisha. Ilibaki wiki mbili tu kabla ya maonyesho, na moyo ulinidunda.

Jumamosi iliyofuata alikuja na kanga mpya, akauliza, "Miye nikae wapi?" Nikamwonyesha meza iliyo karibu na dirisha, mwanga ukimjia kutoka ubavuni. Akaanza kukanda unga. Sikupiga kitu kwa dakika kumi. Tulizungumza juu ya Unguja, na bei ya iliki, na magoti. Alipousahau uwepo wa kamera, nikaanza. Nilipiga picha 14 kwa jumla, na sita nikazipeleka kwenye maonyesho.

Nilipomwonyesha ile iliyokuwa nzuri kuliko zote, aliishika simu karibu na macho, akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Nimefanana na mama."

Ndipo akanieleza kwamba ana picha moja tu ya mama yake. Ni ya zamani, ya wanawake wanne waliokaa kwenye mkeka. Mama ni wa pili kutoka kushoto, na wa tatu ni shangazi. Wawili waliobaki hakuna anayewajua. Aliyekuwa anawajua alikwisha kufariki. Nyuma ya picha hakuna hata neno moja.

"Ukinichapishia hii," akasema, "niletee na kalamu."

Nyuma ya picha

Zamani nyumbani picha ilikuwa jambo la kujiandaa. Watu walivaa, walitia wanja, wakaenda studio. Mjini Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na baadaye mwanawe akaendeleza kazi hiyo. Huko Lamu, Omar Said Bakor, aliyejifunza mwenyewe, alikata na kuunganisha picha kwa ustadi mpaka sura ya mtu ikachomoza ndani ya ua. Mteja wa studio alikuwa na picha chache maishani, na kila moja aliijua.

Sisi tuna maelfu, na hatujui ziko wapi. Simu ikivunjika au nywila ikisahauliwa, zimekwenda. Kwa hiyo nawaomba wazazi jambo moja dogo: kila mwaka chagueni picha 12, moja kwa kila mwezi, mzichapishe. Nyuma ya kila moja mwandike kwa Kiswahili: nani, wapi, lini, na nani aliyeipiga. Tumieni kalamu laini isiyokandamiza karatasi. Na msiandike "bibi" tu. Bibi wa nani? Baada ya miaka 50 kila nyumba itakuwa na bibi.

Mwachieni mtoto aandike. Hilo ni somo la Kiswahili ambalo hamtalipia ada.

Nimekua wapi?

Mwalimu alitufanyia jambo la mwisho. Wiki ya kwanza alitutuma kupiga picha 20 za kikombe kimoja, nami nilidhani anatuchezea. Picha ya kwanza hadi ya tano zilifanana. Ya sita nilichoka, nikainama, nikaona kivuli cha mpini mezani. Wiki ya kumi akatutuma tena: kikombe kilekile, picha 20. Kisha tukaziweka zote mezani, za mwanzo na za mwisho.

Nilitarajia kwamba za mwisho zingekuwa nzuri zaidi, na baadhi zilikuwa. Lakini tofauti kubwa ilikuwa nyingine. Kwa picha za kwanza sikuweza kusema kwa nini nilisimama pale niliposimama. Kwa za mwisho niliweza, hata kwa zile zilizoharibika. Hii ilitokea hivi kwa sababu nilitaka mvuke uonekane. Hii imeharibika kwa sababu nilikuwa na haraka.

Nadhani huko ndiko kukua, katika picha au katika insha au katika kupika pilau. Makosa hayaishi. Unaanza tu kuyajua kwa majina. Na hayahitaji vifaa vya ghali, maana wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 zilitikisa dunia nzima, alianza utotoni Dar es Salaam na kamera ya Box Brownie, sanduku rahisi lisilo na mengi ya kurekebisha.

Wazazi, mtoto akikuonyesha picha aliyopiga, usikimbilie kusema "nzuri sana". Muulize, "Kwa nini ulisimama pale?" Mwanzoni atainua mabega. Muulize tena wiki nyingine.

Mwezi wa Agosti tunakwenda Tanga, nikijaliwa. Nimeshajua nitamkalisha mama wapi: barazani, upande wenye kivuli, asubuhi kabla jua halijawa kali, na kikombe chake cha kahawa mkononi. Nimempigia simu kumwomba ruhusa. Amesema sawa, lakini nisubiri kwanza anunue kanga.

Kazi ya wiki hii

Kwa wadogo: pamoja na mzazi, toboeni tundu dogo kwa pini kwenye kitako cha kopo tupu. Funikeni mdomo wa kopo kwa karatasi nyembamba ya kuokea na mpira wa kufungia. Ingieni chumba chenye giza, elekezeni tundu kwenye taa inayowaka, mtazame karatasi. Mnaona nini? Kimekaa vipi?

Kwa wakubwa: chagua kitu kimoja cha nyumbani, kama mbuzi ya kukunia nazi, birika au kiatu. Kipige picha 20, kila moja kutoka mahali tofauti. Chagua moja, uandike sentensi tatu za Kiswahili kueleza kwa nini umeichagua.

Kwa familia: mpigie hodi mtu mzima mmoja, ana kwa ana. Akikataa, mshukuru. Akikubali, mpige picha, ichapishe, uandike jina lake nyuma.

Maneno ya kukumbuka: tundu ni mahali mwanga unapoingilia. Pazia ni kinachofunguka na kufunga. Chenga ni vidoadoa vinavyoingia picha ikikosa mwanga. Mng'ao ni mwanga unaorudi kutoka kwenye ngozi.

Leteni picha zenu Jumamosi. Ubao wa karibu na mlango wa jikoni tumeuacha wazi, na bibi ameahidi kuzikagua zote, mbele na nyuma.